Bwana wa Mjini na Fidia ya Ghala Letu

Ndugu wanaushirika,

Tangu ghala liungue maneno yamekuwa mengi, kilabuni na kisimani. Kampuni ya bima imeleta barua kwamba itatulipa shilingi milioni 12. Mafundi wetu wanasema matengenezo ni milioni 20. Sasa kaja bwana mmoja wa mjini, viatu vinang'aa, anasema tumwachie yeye kazi ya kupambana na kampuni, na sisi tumpe asilimia 20 ya fidia yote. Wengine wenu mmeshapiga makofi. Mimi nasema ngojeni kwanza.

Sisemi kazi yake ni wizi. Mkadiria hasara ni mtu wa kazi halali, anapewa leseni na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Hata yule aliyekuja kupima ghala ni mkadiria hasara, ila yeye alitumwa na kampuni na mshahara wake unatoka huko. Kwa hiyo kutafuta mtu wa upande wetu si ajabu. Swali ni hili: atatuongezea nini?

Nimeisoma hati ya bima. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunaweka kidole chini ya kila neno, haturuki. Imeandikwa kwamba mali ikiwa na thamani kubwa kuliko kiasi kilichokatiwa bima, mwenye mali atabeba mwenyewe sehemu ya hasara. Ghala tulilikatia bima ya milioni 24. Mtu wa kampuni kaandika kwamba kulijenga upya ni milioni 40. Maana yake tulikinga sehemu sita tu katika kumi. Basi hasara ya milioni 20 nayo inalipwa sehemu sita katika kumi, ndiyo hizo milioni 12. Kumbe kujumlisha wamejumlisha sawasawa! Kama kuna ubishi, uko kwenye ile 40. (Na habari ya mizani iliyoungua tuiache, haimo katika hati.)

Mafundi wetu wanasema ghala kama lile hapa kwetu linajengwa kwa milioni 30. Kama wana haki, tulikinga sehemu nane katika kumi, na fidia ni milioni 16. Ubishi wote basi ni milioni 4. Bwana wa mjini akizipata, asilimia 20 ya milioni 16 ni milioni 3 na laki 2. Tunabaki na milioni 12 na laki 8. Yaani sisi wenye ghala tumepata nyongeza ya laki 8, yeye kaondoka na milioni 3 na ushei. Na asipoongeza hata senti, bado anachukua milioni 2 na laki 4 kwenye zile 12 tulizoahidiwa kabla hajafika. Huo ni mrija, jamani.

Maoni yangu, tuandike wenyewe barua ya kupinga ile milioni 40. Tuambatanishe hesabu ya mafundi: tofali, saruji, mbao, mabati, na bei za dukani. Kampuni ikikataa, tupeleke malalamiko TIRA, na yuko pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Ikiwa mkutano bado utamtaka huyo bwana, sipingi wengi. Ila leseni aiweke mezani tuione. Asilimia yake ihesabiwe kwenye kile atakachoongeza juu ya milioni 12, si penginepo. Fidia iingie akaunti ya chama, isipitie mkononi mwake. Na nauli ya kutangulia asidai.

Jambo la haraka: Mwenyekiti na Mweka Hazina wasitie sahihi karatasi yoyote ya kampuni yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" kabla ya mkutano. Ukishatia sahihi pale, kudai tena ni vigumu sana.

Mkutano ni Jumamosi, saa 4 asubuhi, palepale ghalani. Fundi mwashi na fundi seremala waje na hesabu zao zimeandikwa. Hati ya bima itasomwa mbele ya wote, kina mama na vijana wakiwemo, ukurasa kwa ukurasa. Njooni na viti, mabenchi yaliungua.

Katibu wa Tawi