Eti Haigizi, Ndivyo Alivyo

Katika mgahawa mmoja wa chai jirani na stendi ya Kondoa, runinga ilikuwa inaonyesha kichekesho cha zamani cha Joti akiwa bibi kizee. Watu walicheka mpaka chapati zikapoa. Jamaa mmoja, abiria wa basi la Dodoma, akasonya: "Huyu haigizi, ndivyo alivyo. Waigizaji ni wale wa Kituruki. Wanalia mpaka na wewe unalia."

Mwandishi wa safu hii alimeza chai yake kwa shida. Kauli hiyo ameshaisikia Babati na Singida, tena wakati mwingine kutoka kwa wasomi ambao walipaswa kuona haya.

Ndivyo alivyo? Lucas Mhavile, ndiye Joti, tangu enzi za Ze Comedy pale EATV hadi Orijino Komedi ya TBC1, amekuwa bibi, babu, binti na mtoto wa shule. Kama vyote hivyo ndivyo alivyo, RITA wana kibarua kizito cha kumwandikia cheti cha kuzaliwa.

Au tuvuke mpaka. Kwa miaka mingi Wakenya walimtazama Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kipindi cha KBC, na wengi waliamini kabisa kwamba ni Mjaluo, kwa lafudhi ile isiyoteleza hata mara moja. Jina lake halisi ni Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Sasa huyo abiria wa basi la Dodoma naye ajaribu: Mrangi mzima wa Kondoa azungumze Kiswahili kwa lafudhi ya Kigogo nusu saa tu, mbele ya Wagogo wenyewe, bila kukosea na bila kujicheka. Charles Bukeko alikwenda mbali zaidi. Papa Shirandula wake wa Citizen TV alikuwa mlinzi anayemficha mkewe kazi yake, yaani mwigizaji anaigiza mtu ambaye naye anaigiza nyumbani kwake. Hilo nalo ni "ndivyo alivyo"?

Kulia mbele ya kamera kuna wasaidizi. Kuna kitunguu, kuna dawa ya mafua inayopakwa chini ya jicho, kuna kinanda cha huzuni kinachomwambia mtazamaji sasa sikitika. Anayechekesha hana kitunguu. Hodi ikipigwa kabla mume hajamaliza kudanganya, kichekesho kimekufa. Ikichelewa kidogo, kimeoza.

Watu wa bara wanalijua hili, wanajisahaulisha tu. Msibani waliaji ni umati. Ila yule mtani mmoja anayevaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akadai madeni kwa sauti ya marehemu mpaka mjane akacheka, huyo husimuliwa miaka kumi baadaye. Hakuna anayesema mtani yule "ndivyo alivyo". Aingie kwenye runinga sasa, ghafla hana kazi.

Utetezi unaobaki ni wa nguo: eti wanavaa suruali pana na kukunja uso, nani asiyeweza? Mr. Bean alikunja uso katika vipindi 15 tu, karibu bila kusema neno, na mpaka leo watoto wa Kondoa wanamcheka. Mwenye uso ule, Rowan Atkinson, alisomea uhandisi wa umeme mpaka Oxford. Huyo naye pengine alizaliwa na mdoli wake mkononi.

Na hao Waturuki wanaosifiwa! Sauti inayomliza abiria wetu si ya dada anayemwona. Ni ya Mswahili aliyefungiwa studio, ambaye hakuna anayemtaja. Abiria anasifu nusu ya mwigizaji.

Basi lilikuwa bado kufika. Akaingia mwenzake, akauliza walikuwa wanacheka nini. Abiria akainuka, akashika kiuno, akatembea kibibi kati ya meza, akarudia maneno yote ya Joti bila kuruka hata moja. Mgahawa ulitulia. Kijana wa kukusanya vikombe akamsogezea kiti, akamuuliza kwa upole kama mgongo ulikuwa unamsumbua.