USISUBIRI CHETI NDIO UANZE KUTAFUTA WATEJA

Wapambanaji, leo nasema na wewe uliye bado chuo, unasomea ushonaji, saluni, upishi au ufundi wowote. Na sisi wenye wadogo zetu chuo tusikie pia.

Wazazi wanasema, "Soma kwanza, biashara baadaye." Nakubali nusu tu. Fremu inaweza kusubiri. Kujulikana hakusubiri.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikakusanya mtaji, nikalipia fremu miezi sita kwa elfu 70. Laki nne na ishirini imeondoka sijauza hata soksi! Nikapanga nguo za watoto, nikakaa. Wiki ya kwanza wateja wawili, mmoja shangazi yangu. Mzigo ulikuwa mzuri, ila nani ananijua? Mwezi wa tano nikafunga. Duka nililonalo leo nimelifungua baada ya miaka miwili ya kuuza kwa simu nyumbani, namba za wateja ninazo.

Sasa mdogo wangu anasomea ushonaji. Kila wiki anaweka picha moja ya kazi yake kwenye stetasi ya WhatsApp, na anaandika ukweli: "Bado najifunza." Anayeuliza, anaandikwa kwenye daftari: jina, namba, anataka nini. Wikiendi anafanya kazi ndogo, zipu na pindo, kwa bei ndogo. Siku aliyoahidi haipiti.

Kuna gauni la jirani alilikata vibaya. Alilia kweli. Nikamwambia kanunue kitambaa kingine, kwa hela yako. Akanunua, akashona upya, akaomba radhi. Huyo jirani ndiye kamletea wateja wanne.

Juzi nimehesabu daftari, lina watu 63. Cherehani yake mwenyewe bado hana.

Mtasema masomo yatashuka. Yatashuka kweli ukipokea kila oda. Ndio maana wiki za mtihani hapokei kitu, na anawaambia watu mapema. Na wewe unayesomea tiba, usimguse mgonjwa peke yako kabla ya leseni. Andaa jina na tabia tu, huduma itafuata.

Leo jioni chukua daftari, andika watu kumi wasio ndugu zako wanaojua unasomea nini. Wasipofika kumi, kazi ya wiki hii umeshaipata.