Natakiwa kibali kutembea na mtoto wa kaka yangu

Mhariri,

Naandika barua hii udhu wa magharibi haujanikauka. Nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshapoa, na nikipoa nitanyamaza kama tulivyozoea kunyamaza sote.

Mie ni mwalimu mstaafu wa miaka 63. Nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba hii hii ninayolala mpaka leo. Kaka yangu alihamia Maskati zamani, akaoa huko na kuzaa huko. Binti yake wa mwisho amekuja wiki iliyopita kuiona Unguja kwa mara ya kwanza. Kiswahili anakisema vizuri, maana bibi yake hakutaka kusikia lugha nyengine wakati wa kula. Ila ukimtazama tu, kwa buibui lake la kisasa na kamera shingoni, utasema mgeni. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Leo baada ya chai tukatoka. Nikampitisha sokoni Darajani, nikamwambia soko hilo ni la 1904 na kwamba jina lake limetokana na daraja la kweli, zama hizo maji ya bahari yakiingia mpaka hapo na kuutenga mji na Ng'ambo. Akatazama gari na vibanda, akaniuliza, "Bahari imekwenda wapi, ami?" Nikamwambia imefukiwa. Tukala urojo kwa mama mmoja chini ya mwavuli, bakuli mbili, na bajia akaongeza mwenyewe. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye raha zake.

Tukashuka pwani. Nikamsimamisha kulitazama Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, nikamueleza habari ya Disemba 2020, upande mmoja ulipoporomoka na watu wawili wakafa. Hatukwenda mbali. Katika kichochoro kimoja nilikuwa nimenyoosha bakora namuonesha misumari ya shaba kwenye mlango, akatokea kijana mwenye kizibao na kitambulisho kinachoning'inia.

"Mzee, kibali."

Nikamuuliza kibali cha nini.

"Cha kutembeza wageni."

Nikamwambia huyu si mgeni, ni mwanangu, mtoto wa kaka yangu tumbo moja. Akanijibu, "Wote husema hivyo." Binti akadakia, kwa Kiswahili safi kuliko cha kijana mwenyewe, "Huyu ni ami yangu." Unajua alivyojibiwa? "Dada, usimtetee. Hawa tunawajua."

Hawa! Mie, na kofia yangu ya viua na bakora ya mkwaju, nimeingizwa katika "hawa". Nimefundisha skuli miaka 34, leo naitwa papasi, mtembezaji asiye na leseni, mbele ya mtoto ambaye atarudi Maskati kumuhadithia baba yake.

Tukasimamishwa juani dakika arubaini kwa saa yangu. Nikaulizwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kipo, lakini kipo kabatini ndani ya bahasha, kwa sababu sikujua kwamba kutoka nyumbani kwangu mpaka ufukweni ni safari ya kuvuka mpaka. Nikaambiwa nipige simu niletewe. Nani aniletee? Mke wangu miguu inamsumbua. Basi kijana akapunguza sauti, akasema, "Mzee, tumalizane tu hapa hapa." Nikajifanya sikusikia. Akarudia. Nikajifanya kiziwi kabisa.

Na muda wote huo, Mhariri, mapapasi halisi wanapita. Watatu niliwahesabu kwa macho yangu. Wanasalimiana na huyo kijana kwa kugonga ngumi, mmoja kavuta Wazungu wanne nyuma yake kama vifaranga. Mwengine akasimama pale pale, mbele ya kizibao, akamuuliza binti yangu kwa Kiingereza kama anataka boti ya kwenda Changuu kuona makobe. Huyo hakuulizwa kibali. Nadhani yeye anajulikana vizuri zaidi.

Kilichotuokoa si sheria. Alipita bwana mmoja mwenye cheo chake, akasimama, akasema, "Mwalimu! Kuna nini?" Nilimfundisha hesabu darasa la sita, na hesabu zenyewe hakuwa mzuri. Maneno mawili tukaachiwa, na kijana akaniambia "samahani babu" huku anatazama simu. Sasa najiuliza, mzee mwenzangu muuza kahawa, ambaye hakumfundisha mtu yeyote hesabu, akija mjukuu wake kutoka Dubai, atamtembeza na nani?

Sipingi leseni. Najua watembezaji wa halali wamesoma, wamelipa ada, na wanaumizwa na walaghai. Lakini sheria iliyowekwa kumlinda mgeni isigeuzwe fimbo ya kumpigia mwenyeji. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tukashangilia. Hatukuambiwa kwamba katika huo urithi sisi si warithi. Mtaani kwetu nyumba tatu mfululizo zimekuwa hoteli. Barza tuliyokuwa tukinywea kahawa, aliyokaa babu yangu na baba yangu, imepangwa vyungu vya maua, na vyungu vyenyewe vimefungwa mnyororo. Ukikaa ukingoni anakuja mlinzi, mtoto wa watu hana kosa, anakwambia, "Shekhe, meneja hataki."

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la vespa. Wakati tunarudi, katika kichochoro ambacho nikitanua mikono nagusa kuta zote mbili, imepita vespa kwa kasi nikabanwa mlangoni na binti akaangusha kifuniko cha kamera mtaroni. Dereva hana kofia ngumu, ana simu sikioni. Hakuna kizibao kilichomsimamisha huyo. Inaonekana kibali kinahitajika kwa miguu tu.

Wakubwa wetu vichochoro hivi wanavijua. Kila msimu wa uchaguzi huvipita kwa miguu, wakatupa mikono mmoja mmoja mpaka watoto, na siku hiyo mtaa umefagiwa alfajiri na mitaro imezibuliwa. Na maji je? Barghash alituvutia maji ya mifereji kutoka Chemchem karne ya 19, na mie leo naweka kengele ya saa nane usiku nikinge ndoo. Wakija tena kunipa mkono nitawaomba wasimame juani dakika arubaini kwanza, tuone kama ni wakaazi.

Naomba wahusika watujibu kupitia gazeti lako, kwa maneno yanayoeleweka: mwenyeji akitembea na ndugu yake mjini kwao anatakiwa achukue nini? Kama ni karatasi, tuambiwe inatolewa wapi na kwa kiasi gani, tukapange foleni. Kama si karatasi, basi vijana waambiwe.

Binti anaondoka Jumamosi. Jibu likitoka kabla ya hapo nitashukuru, kwani bado hajaiona Hamamni.

Mwalimu mstaafu,
Mji Mkongwe, Unguja