"Tumeshinda", "Wameshindwa"
Agosti 10, 2025, Kenya ilipoilaza Moroko 1-0 katika michuano ya CHAN, nilisikia sokoni Kianjai: "Tumeshinda!" Siku 12 baadaye, Madagaska ilipotubandua kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, vinywa vile vile vilinena: "Wameshindwa."

Ukiacha kitenzi chenyewe, kilichobadilika ni kiambishi cha nafsi tu. Lakini kilihama na uzalendo wetu. Hali michuano hiyo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani: wana wetu hasa.

Walimu wenzangu, tufundishapo nafsi, tuwaulize wanafunzi: shule ikifeli, mali ya kaunti ikifujwa, twasema "tu-" au "wa-"? Asiyethubutu kunena "tumeshindwa" hana haki ya kujigamba "tumeshinda."