Taa za jukwaa kwa kompyuta: ni sawa, lakini taa moja isiguswe

Goma, Kivu ya Kaskazini. Kila mara kikundi cha vijana kinapoandaa mchezo wa kuigiza au tamasha la jioni, kuna swali linalorudi kabla hata ya kutafuta jenereta: nani ana meza ya taa? Wenye meza ni wachache. Wanaikodisha kwa bei ambayo vikundi vingi haviwezi kulipa, na mara nyingi huitoa pamoja na fundi wao, asiyeruhusu mtu mwingine kuigusa. Kikundi kikiikosa, onyesho hufanyika mchana juani. Au hufanyika usiku chini ya balbu mbili nyeupe zinazowaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfalme akifa mwanga ni ule ule, na bibi arusi akiingia mwanga ni ule ule.

Vijana wachache wamepata njia nyingine. Wanachukua kompyuta, ile ambayo wengi mjini huita mashini, wanaweka ndani yake programu ya kuongoza taa, wanachomeka kisanduku kidogo kwenye tundu la USB, na taa zote za jukwaa zinafuata. Wakubwa wa kazi hii huwacheka. Wanasema fundi wa taa asiye na meza ni sawa na dereva asiye na usukani.

Kicheko hicho hakina msingi, na vijana wanaotumia kompyuta wako katika njia nzuri. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna onyo moja la kweli, na linawahusu kwanza watazamaji waliokimbia vita.

Meza yenyewe ni kompyuta

Mwaka 1975, mchezo wa kuimba na kucheza uitwao A Chorus Line ulipofika Broadway, New York, mbunifu wa taa Tharon Musser alitumia meza yenye kumbukumbu ya kompyuta, ya kwanza ya aina hiyo pale Broadway. Kabla yake, mafundi kadhaa walisimama mbele ya mbao kubwa za swichi wakivuta mikono ya chuma kwa kufuata karatasi. Kuanzia hapo mashine ilikumbuka mpangilio wa kila tukio, na fundi alibonyeza kitufe kwa wakati wake.

Meza kubwa zinazoonekana leo kwenye matamasha ya kimataifa zimetoka katika njia hiyo. Ukizifungua, ndani kuna kompyuta. Kilichoongezwa ni vitufe vingi, sanduku gumu la chuma na bei inayofika maelfu ya dola. Ni kweli kwamba meza ndogo za bei rahisi zipo pia sokoni, lakini nyingi hukumbuka matukio machache tu na humlazimisha fundi akariri namba kichwani.

Taa zenyewe hazijui ni nani anayezituma. Zinasikiliza lugha moja tu, inayoitwa DMX512, iliyowekwa mwaka 1986 na chama cha Marekani cha wataalamu wa majukwaa, USITT. Waya mmoja wa lugha hiyo hubeba njia 512, na kila njia hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Taa ya LED yenye rangi inaweza kutumia njia 4: moja kwa nyekundu, moja kwa kijani, moja kwa buluu, na moja kwa kuongeza au kupunguza mwanga wote. Namba 0 ni giza, 255 ni mwanga kamili. Namba hizo zikitoka kwenye meza ya gharama kubwa au kwenye kompyuta ya mwanafunzi, taa itawaka vile vile.

Programu nazo zipo, na nyingine hazilipiwi. QLC+ ni mojawapo. Inapatikana bure kwa sheria, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ikishawekwa haihitaji intaneti. Fundi huandaa matukio yake nyumbani, akayapanga moja baada ya jingine, na siku ya onyesho akabonyeza tu. Hakuna haja ya kutumia programu ya wizi kutoka kwenye flash ya rafiki, ambayo mara nyingi huja na virusi.

Kinachobaki kununua ni kile kisanduku cha katikati kinachogeuza maneno ya USB kuwa DMX. Vya bei ya chini hupatikana kwa makumi kadhaa ya dola, na vilivyo bora vinaweza kukaribia dola 200. Tofauti yake inafaa kujulikana kabla ya kulipa. Kile cha chini huitegemea kompyuta ipige hesabu ya muda wa kila ishara. Kompyuta ikichoka, taa zinaanza kupepesa. Kile bora kina akili yake ndani na hutuma ishara bila kukatika.

Kurani ikikatika, na mtu akihama

Kuna sababu mbili za hapa nyumbani ambazo wakubwa wa kazi hawazitaji.

Ya kwanza ni kurani. Mjini hakuna anayeshangaa umeme ukikatika katikati ya ibada au harusi. Meza nyingi huzimika pamoja na taa, na umeme ukirudi, zile kubwa huchukua muda kuamka huku watu wakipiga miluzi. Kompyuta ya kubeba ina betri. Taa zitazimika, lakini kompyuta inabaki macho, ikiwa kwenye tukio lile lile. Jenereta ikishika, mchezo unaendelea pale ulipoachwa.

Taa za LED zenyewe zimebadilisha hesabu ya jenereta. Taa 8 za zamani za aina ya PAR 64, za wati 1,000 kila moja, zilidai wati 8,000. Taa 8 za LED za wati 100 hudai 800 tu. Jenereta ndogo ya parokia inazibeba pamoja na spika na kompyuta.

Sababu ya pili wakimbizi wa ndani wanaielewa kuliko mtu yeyote. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na baadaye sehemu ya mji wa Goma ikaamriwa kuhama, watu walibeba walichoweza kubeba: mtoto, godoro, sufuria, kadi ya mpiga kura. Vita navyo vimewalazimisha wengi kufanya hivyo si mara moja. Katika safari kama hiyo hakuna anayebeba meza ya taa. Itabaki ndani ya nyumba, na mwenye nyumba akirudi, huenda asiikute.

Lakini kijana aliyejifunza programu anaondoka na kazi yake kichwani, na mipango yake yote kwenye flash iliyo mfukoni. Akifika Bukavu, Beni au Bunia, akapata kompyuta ya kuazima na taa za kukodi, atahitaji saa chache tu kuzipa taa hizo namba zake upya na kuendelea. Ujuzi usiofungwa kwenye chombo kimoja ndio ujuzi unaomfaa mtu ambaye hajui mwakani atalala wapi.

Wanachosema wapinzani, na mahali walipo na haki

Wanaotetea meza wana hoja mbili za kusikilizwa.

Wanasema vidole hufanya kazi vizuri kwenye meza. Fundi anaangalia jukwaani, si kioo, na anaweza kupandisha taa mbili na kushusha ya tatu kwa wakati mmoja. Mwenye kipanya anashika kitu kimoja tu. Hiyo ni kweli, lakini ina dawa: kibao kidogo cha MIDI, kile wanachotumia wapiga kinanda na ma-DJ, huunganishwa na programu na kumrudishia fundi vidole vyake kumi.

Wanasema pia kwamba kompyuta huganda. Hapo wana haki kabisa. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo iliyoangalia filamu jana usiku, ikaingizwa flash tano za watu tofauti, na leo katikati ya onyesho inaamua kujipa sasisho jipya la Windows. Anayeitumia kuongoza taa anapaswa kukata intaneti, kuzima masasisho, kuizuia isilale yenyewe, na kufunga kila kitu kingine. Nakala ya mipango iwe kwenye flash mbili. Ikiwezekana, kompyuta ya pili iwe tayari pembeni.

Tena si kila kosa ni la kompyuta. Mara nyingi taa zinaporukaruka ovyo, mkosaji ni waya wa maikrofoni uliotumiwa mahali pa waya wa DMX, au mwisho wa mstari usiofungwa kwa kizuizi cha omu 120. Kizuizi hicho ni kitu kidogo cha bei ya chini kabisa. Kukosa kukiweka kumewafanya wengi walaumu programu isiyo na kosa.

Giza si mchezo kwa aliyekimbia

Hapa ndipo onyo lenyewe lilipo. Katika ukumbi wa Ulaya, taa zikizimika ghafla, watu hucheka au hupiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Katika uwanja uliojaa familia zilizokimbia usiku zikisikia risasi, giza la ghafla lina maana nyingine. Mama anamtafuta mtoto kwa mkono. Mmoja akipiga kelele, wote wanasimama. Wakikimbilia njia moja nyembamba, watoto na wazee ndio wanaokanyagwa. Msichana aliyetenganishwa na ndugu zake gizani naye yuko hatarini, na kila mama aliyelala kambini anaijua hatari hiyo.

Kwa hiyo kompyuta ipewe taa za jukwaa, lakini isipewe taa zote. Taa moja angalau, na zaidi ya moja panapokuwa na watu wengi, iwake tangu watu wanapoingia hadi wa mwisho anapotoka, ikielekea njia ya kutokea. Isiunganishwe na programu wala na jenereta ile ile. Taa ya jua yenye betri inatosha. Mtu mmoja anayejulikana aikalie karibu. Mchezo utapoteza uzuri kidogo, kwa sababu giza kamili halitapatikana. Hasara hiyo inakubalika.

Taa za jukwaa nazo ziandaliwe kwa ajili ya siku mbaya. Taa nyingi za LED zina mahali pa kuchagua zitafanya nini ishara ikipotea: kuzimika, au kubaki kama zilivyokuwa. Zichaguliwe kubaki. Hapo kompyuta ikiganda, watazamaji wataona rangi isiyobadilika kwa dakika mbili, basi. Jaribio lake ni rahisi: kabla ya watu kuingia, fundi achomoe kisanduku cha USB na kutazama. Taa zikizimika, kazi haijakwisha.

Kuna kitufe kimoja ambacho vijana wanakipenda mno, nacho ni cha mwanga unaopigapiga haraka. Programu hukirahisisha sana. Mwanga huo unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Ukiunganishwa na ngoma nzito, unaweza kumrudisha mtoto kwenye usiku ambao wazazi wake wanajaribu kumsahaulisha. Mbele ya familia zilizohama, kitufe hicho kiachwe. Na kabla ya onyesho, fundi aende kwa kamati ya wakimbizi na kwa akina mama, awaonyeshe taa zake, awaulize. Ni adabu, na watamwambia mambo ambayo hayamo ndani ya programu.

Pesa ziende wapi

Tangu Festival Amani lilipofanyika mara ya kwanza Goma, Februari 2014, kwenye Collège Mwanga, hakuna tena anayeweza kusema kwamba watu wa Kivu hawahitaji jukwaa wakati wa shida. Mashirika yanayosaidia vijana nayo huja na fedha za utamaduni. Mara nyingi fedha hizo hununua chombo kimoja kikubwa, kinachokabidhiwa kwa hotuba na picha, kisha kinafungiwa ofisini kwa sababu aliyefundishwa kukitumia amehama.

Kwa bei ya meza moja ya maana, zingepatikana kompyuta chache zilizotumika, visanduku bora, waya halisi wa DMX, vizuizi vya mwisho, taa za jua za njia ya kutokea, na mwezi mzima wa mafunzo kwa vijana kumi au zaidi. Nusu yao wawe wasichana, maana kazi ya taa imekuwa ya wavulana bila sababu yoyote. Na miongoni mwao wawemo walioko kwa wenyeji au mahemani, si wa mjini peke yao.

Wakubwa wenye meza wasiachwe nje. Wanajua vitu ambavyo kompyuta haifundishi: taa iwekwe wapi ili uso wa mwigizaji usiwe na kivuli, waya upitishwe wapi ili watoto wasiukanyage. Waitwe wafundishe hayo, nao waoneshwe programu. Huenda mzee mmoja au wawili wakagundua kwamba meza yao iliyoharibika mwaka juzi haihitaji tena kutengenezwa.

Jioni ya onyesho, kikundi chochote kijiulize kwanza: ile taa ya njiani inawaka? Kama haiwaki, watu wasiingizwe bado.