Mnaouza chemli na vibatari, angalieni kichwa cha taa kabla ya bei

Leo naongelea taa za mafuta. Najua kuna watakaocheka, watasema hizi ni zama za sola, nani bado ananunua chemli? Mi duka langu lipo kijijini huku Sengerema na sola nauza pia. Ila masika yakikaza, zile taa za sola za bei ndogo zinazima saa mbili usiku, na watu wanarudi dirishani na kichupa: nipimie mafuta ya taa ya mia tano. Wengine hata hiyo sola ya bei ndogo hawajaifikia. Kwa hiyo wateja wapo, na tunawauzia taa mbovu kwa sababu sisi wenyewe hatujui tunachouza.

Taa ya mafuta ina chombo cha mafuta, na ina kile kipande cha juu kinachoshika utambi. Dukani kwangu nakiita kichwa. Wateja wengi wanachagua kwa kuangalia chombo, rangi yake na ukubwa wake. Lakini mwanga, moshi, ulaji wa mafuta na hatari ya moto, karibu vyote viko kwenye kichwa.

Niwaeleze kinavyofanya kazi, si lazima uwe umesoma fizikia. Mafuta yanapanda kwenye utambi kama chai inavyopanda kwenye andazi ukilichovya ncha. Yakifika juu yanapata joto, yanageuka mvuke, na huo mvuke ndio unaowaka. Ili uwake wote unahitaji hewa ya kutosha. Ukiwa na mvuke mwingi na hewa kidogo, unaobaki unakuwa masizi. Yaani ule weusi kwenye dari na puani mwa mtoto asubuhi ni mafuta uliyolipia yakashindwa kuwaka.

Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya California Berkeley na Illinois walitoa vipimo vya taa za utambi za kawaida kama vibatari vyetu. Walikuta asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa inageuka masizi. Lita moja ya mafuta ya taa ina kama gramu 800, kwa hiyo piga hesabu: gramu 56 hadi 72 za masizi, chumba cha kulala, mlango umefungwa. Na kumbukeni tangu 2011, serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili watu waache kuchakachua dizeli, haya siyo tena mafuta ya bei chee. Mteja anayenunua ya mia tano anahesabu kila tone.

Sasa hili la hewa siyo jipya. Kwa maelfu ya miaka taa ilikuwa chombo na utambi tu, basi. Kwenye miaka ya 1780 Mswisi mmoja, Aimé Argand, akakunja utambi ukawa kama bomba, hewa ikapita ndani na nje ya moto, halafu juu ikawekwa chemni ya kuvuta hewa. Taa moja ikatoa mwanga kama wa mishumaa 6 hadi 10. Mafuta yalikuwa yaleyale, kilichobadilika ni kichwa. (Watu wakamuiga kila kona, mwenyewe akafa mwaka 1803 akiwa hana kitu. Wabunifu mjihadhari.)

Karne iliyofuata huko Marekani, John Irwin akabuni taa yenye mirija miwili ya pembeni. Hiyo ndiyo chemli unayoiuza leo. Nimeshauliza wateja wengi ile mirija ni ya nini, wananiambia ya kushikia kioo, au ya kubebea. Hata muuzaji wa jumla niliyewahi kununua kwake aliniambia ni urembo! Ile mirija ndiyo pua ya taa. Inachukua hewa juu na kuishusha mpaka chini ya kichwa, ndiyo maana upepo ukivuma chemli haizimi haraka kama kibatari. Mrija ukiwa umebonyea au umezibwa na rangi ya kiwandani, moto unacheza na kioo kinaingia weusi ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo ukienda kununua mzigo, usihesabu tu vipande na kulipa. Fungua chache. Zungusha ile gurudumu ndogo ya utambi mara kadhaa, juu na chini. Siku hizi zinakuja za bati jembamba sana, meno yake yanateleza kabla hata utambi haujalowa, na mteja asipoweza kushusha utambi atachoma mafuta hovyo kila usiku. Tazama kofia ya kichwa, ule uwazi uwe umekaa katikati sawasawa juu ya utambi, maana ukienda upande moto nao unaenda upande na kioo kinapasuka. Angalia vitundu vidogo vya chini ya kichwa kama vimetobolewa kweli. Nimeona vilivyochorwa tu, havijatoboka! Kisha puliza kwenye mrija mmoja, usikie hewa inatokea chini. Tanki lizamishe kwenye ndoo ya maji likiwa limefungwa, ukiona mapovu rudisha. Muuzaji wa jumla atanuna. Mwache anune, hela ni yako.

Na vichwa nunua peke yake kama vipo. Chemli ikichoka, mara nyingi kilichochoka ni kichwa au utambi, tanki bado zima. Mteja anayebadilishiwa kichwa anarudi kwako kwa mafuta, tambi na kiberiti. Mi faida yangu kwenye tambi na vichwa kwa mwaka inazidi ya chemli zenyewe, maana chemli moja inakaa miaka.

Tusidanganyane lakini: chemli inakula mafuta mengi kuliko kibatari. Usimwambie mteja inabana matumizi, siku tatu tu atakujua. Mwambie ukweli, kwamba inakula zaidi ila anapata mwanga wa watoto watatu kusoma meza moja, na moshi ni kidogo sana. Mfundishe akate utambi sawasawa kwa mkasi, apunguze kidogo pembe mbili, na asiache utambi uungue bila mafuta. Utambi mpya auache ulowe kabla ya kuwasha. Nikimwonyesha mteja hayo hapohapo dukani hanipunguzii bei.

Sasa vibatari. Hapa ndipo roho inaniuma.

Kibatari chetu ni kopo, mfuniko uliopachikwa juujuu, kitundu, na kitambaa. Kikianguka mfuniko unatoka, mafuta yanamwagika, moto unafuata mafuta. Mwaka jana mtoto wa mteja wangu aliungua mkono na shingo hivyohivyo, kibatari kilidondoka kwenye godoro. Mama yake alikuja dukani baada ya wiki mbili kununua kingine, kwa sababu usiku bado upo na hela ni ileile. Nilimuuzia chemli kwa mkopo. Ila siwezi kukopesha kijiji kizima.

Sri Lanka kulikuwa na daktari wa upasuaji, Wijaya Godakumbura, aliyekuwa anapokea majeruhi wa moto hospitalini, wengi wao wa taa za namna hiyo. Hakuwaambia watu waache taa wakae gizani. Miaka ya 1990 alitengeneza nyingine, akianzia na chupa tupu ya Marmite: fupi, nene, nzito, haipinduki kirahisi. Pande mbili ni bapa, hata ikilala haibingiriki. Na mfuniko wa chuma unaozungushwa, hautoki taa ikianguka, ukiwa umeshika kijibomba cha utambi. Ni kitu ambacho fundi wa sokoni anakiweza. Mwaka 1998 kikampatia tuzo ya Rolex.

Niliposoma habari hiyo nikamfuata mzee mmoja fundi bati hapa kwetu.

"Shikamoo mzee. Nataka kibatari cha mfuniko wa kuzungusha."

"Marahaba mwanangu. Nani atalipia?"

Swali zuri. Nikamwambia nitachukua ishirini za mwanzo kwa hela taslimu, ila kwa masharti yangu. Chupa nene ya jemu, ile fupi, plastiki marufuku. Mfuniko wa chuma wa kuzungusha. Kijibomba cha bati chembamba kipite katikati, kipande juu sentimita mbili hivi ili moto ukae mbali na mfuniko, kizungushiwe lehemu pasibaki upenyo. Utambi wa pamba ubane wastani, ukilegea mafuta yanapanda hovyo na moshi unazidi, ukikaza sana hayapandi. Na pembeni kitundu kidogo kama cha sindano ya kushonea, maana chupa iliyofungwa kabisa ikipata joto inasukuma mafuta juu ya utambi.

Alilalamika kuhusu lehemu, akasema inamla. Akaongeza bei mia tano kwa kila kimoja kuliko kibatari cha kawaida, na mi hiyo mia tano nikaipeleka kwa mteja bila kuongeza yangu. Viliisha. Kabla ya kuuza nilikilaza kimoja sakafuni kikiwa na mafuta bila kuwashwa, mbele ya watu, kikavuja matone tu pale kwenye utambi. Hayo matone ndiyo yaliyouza.

Kuna mwenzangu wa duka la jirani ananiambia najisumbua, mteja wa kibatari anataka bei ndogo, habari za kijibomba hana. Simkubalii. Mteja huyo hajawahi kuwekewa viwili mezani akachagua. Sisi ndio tunaomchagulia tunapoleta cha bei ndogo peke yake, halafu tunasema ndicho anachotaka.

Wapo pia watakaosema Shirika la Afya Duniani limeshashauri tangu 2014 mafuta ya taa yasitumike majumbani. Sibishani nao, hata taa nzuri bado inatoa moshi wake, na mteja mwenye uwezo wa sola nzuri namuuzia sola. Lakini nyumba inayowasha kibatari usiku wa leo nayo inataka jibu la leo.

Jambo moja nawaomba sana mnaopima mafuta: usichanganye, na usinunue kwa mtu asiyejulikana. Mafuta ya taa yakiingiwa na petroli hakuna kichwa kitakachomwokoa mteja wako, yanalipuka. Yakinuka petroli, au yakiwaka kwa pupa ukigusisha kiberiti kwenye kitambaa kidogo nje ya duka, rudisha.

Bado natafuta mifuniko ya chuma mipya kwa jumla, maana ya kuokota inakuja na kutu na uzi wake umelika. Mwenye kujua inapopatikana Mwanza aandike hapo chini na bei. Na kama kwenu kuna fundi anayetengeneza kijibomba bila kutumia lehemu nyingi, weka picha, mzee wangu aione.