BleachBit: Ile Programu ya Kufagia Kompyuta za Saiba Bado Iko, ama Ilidedi Kitambo?

Wasee, leo tuongee kitu yenye haitrendi lakini inakugusa kama unaishi Rhonda, Kaptembwo, Ponda Mali ama mtaa mwingine wowote wenye kompyuta si kitu ya kila keja. Juni ikikaribia kuisha, foleni ya saiba ni ya KRA. Baadaye ni HELB, ni KUCCPS, ni eCitizen, ni msee anaprinti CV akatafute kazi. Unaketi, unaweka pasiwadi, unaskani kitambulisho, unalipa mbao ama finje, unaishia.

Sasa vitu zako zinabaki wapi?

Ukiuliza, jamaa wa saiba atakuambia usijali, jioni huwa anapitisha programu ya kufuta kila kitu. Mara nyingi ni CCleaner ama BleachBit. Na BleachBit ndiyo wengi hushuku imededi, juu ukiifungua inakaa ni kitu ya enzi za Windows XP, na ukingoja toleo jipya unaweza kungoja hadi usahau. Nimecheki hiyo maneno, na hii ndiyo rada.

Iko Hai, Lakini Huenda Mose Mose

BleachBit iliandikwa na jamaa anaitwa Andrew Ziem na ikatoka 2008, kwanza kwa Linux, halafu ikaingia Windows. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Haina kampuni kubwa nyuma yake yenye inalipa matangazo, so ikinyamaza watu husema imekufa.

Angalia mwendo wake. Toleo 4.4.2 lilitoka 2021. Toleo 4.6.0 likaja 2023. Halafu 2025 ikaruka hadi 5.0.0. Hiyo si maiti. Ni kama fundi wa mtaa mwenye kibanda chake hakina ishara, anafungua akipata nafasi, lakini kazi anafanya.

Na kwa wenye wanapenda udaku: hii programu imewahi kuwa staa. Agosti 2016, katikati ya kampeni za Marekani, mbunge Trey Gowdy alisema kwa televisheni kwamba timu ya Hillary Clinton ilitumia BleachBit kufuta barua pepe. Donald Trump naye akaanza kuambia watu zilioshwa na asidi. Hakukuwa na asidi yoyote, ni hii hii programu ya bure yenye iko kwa mashine ya saiba yako. BleachBit wenyewe walicheka, wakatoa hadi kitambaa cha kupangusa kompyuta cha kumchokoza Clinton.

Shida Ni Ile Kopi Iko Hapa

Hapa ndipo watu huchanganya. Programu kuwa hai huko inakotengenezwa ni kitu moja. Kopi yenye iliwekwa kwa mashine ya saiba miaka minne iliyopita na fundi mwenye alishahamia Nairobi ni kitu ingine kabisa. Ziem anaweza kutoa matoleo kila wiki, na kama hakuna mtu hapa mtaani wa kuyaweka, ni kazi bure.

Kopi ya zamani inakuangusha kwa njia mbili.

Ya kwanza, inafagia mahali mbaya. Programu kama hii haina akili ya kujua siri zako ziko wapi. Inafuata orodha: nenda folda hii, futa faili ile. Brauza nazo huhama. Mwisho wa 2021, Chrome ilitoa faili la kuki mahali lilikuwa na kulipeleka ndani ya folda nyingine inaitwa Network. Kuki ndizo hukumbuka kwamba wewe ndiwe uliingia kwa akaunti. Ufagio wenye orodha yake iliandikwa kabla ya hapo utaenda kwa anwani ya zamani, ukose mtu, urudi useme kazi imeisha. Jamaa wa saiba ataona nambari kubwa kwa skrini, megabaiti kibao zimefutwa, aamini. Na akaunti yako bado imefunguka.

Ya pili, ufagio wenyewe unaweza kuwa mlango wa wezi. Mwaka wa 2025 ilitangazwa kwamba BleachBit ya Windows hadi toleo 4.6.2 ilikuwa na shimo la usalama. Mtu mwenye anaweza kuweka faili lake bovu mahali fulani kwa hiyo mashine angeweza kufanya programu ilipakie na kuliendesha yenyewe. Shimo lilizibwa kwa matoleo yaliyofuata. Sasa fikiria mashine yenye watu arobaini wanachomeka fleshi kila siku, na toleo ni la kitambo. Rada iko wapi hapo?

Ongeza kwamba Microsoft iliacha kutoa apdeti za kawaida za bure za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 ilishaachwa tangu Januari 2020. Mashine nyingi za mtaa ni za mtumba na haziwezi kubeba Windows 11. So mara nyingi ni ufagio mzee ndani ya nyumba yenye paa limetoboka.

"Si Afadhali CCleaner, Iko na Kampuni?"

Poa, tuongee ukweli. CCleaner ilianzishwa na Piriform ya Uingereza, na Julai 2017 ikanunuliwa na Avast. Agosti hiyo hiyo toleo 5.33 likatoka likiwa na virusi ndani, juu wezi walikuwa wameingia mahali programu inatengenezewa. Kufikia Septemba habari zilipotoka, kama mashine milioni 2.27 zilikuwa na toleo hilo. Watu walidaunilodi kutoka kwa tovuti halali kabisa, wakaumwa.

Kuna msee atasema hiyo inaonyesha apdeti ni hatari, afadhali kukaa na ya zamani. Apana. Dawa ya 5.33 ilikuwa toleo 5.34, na CCleaner ya bure wakati huo haikuwa inajiapdeti yenyewe. Mwenye alisema "yangu iko sawa" ndiye alibaki na ya wezi. Kampuni haikuzuia hiyo shida. Wenye walisaidika ni wale walikuwa na mtu wa kuangalia mashine na kubadilisha.

Vitu Zenye Hakuna Ufagio Hugusa

Nilipoacha koleji nilikaa miezi kadhaa nikisaidia saiba moja hapa Rhonda, na nawaambia, noma kubwa haikuwa kuki. Ilikuwa folda ya Downloads. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua za kazi, zimepangana tu na majina ya wenyewe juu. BleachBit haifuti hiyo folda mpaka mtu aiongeze mwenyewe kwa mipangilio. Kuna pia WhatsApp Web. Watu huiskani waprinti faili moja, wanaenda, na mazungumzo yao yanabaki wazi kwa anayefuata.

Na kama mashine inatumia SSD badala ya hadi diski ya kawaida, ile kazi ya kuandika juu ya faili ili lisirudishwe haina uhakika. SSD hujiamulia data inakaa wapi ndani yake, so kopi ya zamani inaweza kubaki pembeni.

Kama unadhani hakuna mtu ana haja na kitambulisho cha msee wa Rhonda, kumbuka Juni 2021. Wakenya kibao walicheki kwa eCitizen wakajipata wameandikishwa kwa vyama vya kisiasa bila kuulizwa. Jina na namba ya kitambulisho ni mali, hata kama mfukoni una msoto.

Sheria Inasema Nini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa saiba pia. Biashara ndogo, zenye zinaingiza chini ya milioni 5 kwa mwaka na zina wafanyakazi chini ya 10, nyingi hazilazimishwi kujisajili kwa Kamishna wa Data. Lakini kutosajiliwa hakumaanishi unaweza kuacha vitambulisho vya watu vikizagaa. Kulalamika kwa Kamishna ni bure, na sheria inampa siku 90 kumaliza kesi. Ofisi hiyo huuma: Septemba 2023 klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa.

Sitaki kuona saiba zetu zikifungwa. Hizo ndizo ofisi za serikali zenye tuko nazo hapa mtaani. Kwa mwenye saiba, kazi ni kidogo: fungua BleachBit, bonyeza About uone toleo. Kama ni 4.6.2 kurudi nyuma, toa, chukua jipya kwa tovuti ya wenyewe, si kwa fleshi ya rafiki. Ongeza Downloads kwa orodha ya kufutwa. Pitisha baada ya kila mteja, usingoje jioni, juu kati ya asubuhi na jioni watu thelathini wameshaketi hapo.

Kwa mteja, usingojee ufagio wa mtu. Omba dirisha la faragha kabla uingie popote. Futa faili lako kwa Downloads, halafu kwa pipa la takataka. Toka kwa akaunti yako kabla usimame. Na ukifika nje, fungua WhatsApp kwa simu yako, ingia Linked devices, utoe kompyuta yoyote yenye haujui. Inachukua dakika moja, na haikugharimu hata mbao.